Noti Iliyochorwa: Sheria Yamtafuta Mwandishi, Soko Lamwadhibu Mshikaji

Chukua mfano wa mama anayeuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Asubuhi ameuza mitungi miwili kwa mteja mwenye haraka, akapewa noti ya shilingi 500 iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua. Jioni anakwenda dukani kununua unga na mafuta. Mwenye duka anaifungua, anaigeuza upande wa pili, anaona namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi kutoka pembe hadi pembe. Anamrudishia. "Hii haichukuliki, mama." Duka la pili, jibu ni lile lile. Makanga wa gari la kurudi nyumbani naye anatikisa kichwa.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kufika Isiolo ili aujue mkasa huu. Uko Kongowea, uko Marikiti, uko kwenye kivuko cha Likoni. Nimeuweka Isiolo kwa sababu mbili. Kwanza, Isiolo ni mji wa pesa taslimu. Uko kwenye barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale, na soko lake la mifugo huwakutanisha Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Mfugaji anayetoka malishoni na mbuzi watano bado anataka kuzishika pesa zake mkononi, ingawa M-Pesa imefika kila pembe. Na kwa mradi wa LAPSSET, unaokusudiwa kuiunganisha bandari ya Lamu na Isiolo kupitia Garissa, noti inayokataliwa kule leo inaweza kuwa mkononi mwa mvuvi wa huku kesho.

Sababu ya pili nitaifikia mbele kidogo: katika mji huo huo kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake, mara nyingine, ni kutia alama kwenye noti, na haivunji sheria.

Swali ni hili. Je, ni kosa kuandika, kuchora, kutoboa au kukata noti na sarafu za Kenya? Na kama ni kosa, mbona anayelipa si aliyeandika?

Sheria inasema nini

Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina kifungu cha 367A kinachohusu uharibifu wa noti. Kwa maneno yetu ya kawaida, kifungu hicho kinasema kwamba mtu akiichafua, akiichana, akiikata au akiiharibu noti kwa njia nyingine, kwa makusudi na bila idhini wala udhuru, ametenda kosa la jinai. Mahakama ikimtia hatiani, inaweza kumtoza faini au kumfunga.

Maneno matatu hapo yanabeba uzito wote, na mengi yanayosemwa mitaani kuhusu sheria hii huyaruka.

La kwanza ni "makusudi". Noti iliyofuliwa ndani ya mfuko wa suruali haikuharibiwa kwa makusudi. Noti iliyolowa mvua, iliyotafunwa na mbuzi au iliyochanika kwa uzee haimtii mtu hatiani. Lazima mwenye kuitenda awe amekusudia.

La pili ni "idhini". Wapo wenye ruhusa ya kuharibu noti. Benki Kuu ya Kenya yenyewe huziondoa noti chakavu katika mzunguko na kuziteketeza. Hiyo ni kazi yake.

La tatu ni "udhuru". Hapa sheria imeacha mlango wazi kidogo, na hakimu ndiye anayepima kama sababu uliyonayo inakubalika.

Ukiyasoma maneno hayo matatu pamoja, utaona kwamba kifungu kizima kinamlenga mtu mmoja tu, yule aliyefanya kitendo. Hakimtaji aliyeipokea noti ikiwa imeshachorwa. Hakimtaji aliyeilipia unga. Mama wa maziwa hana kosa lolote mbele ya kifungu hiki, hata akiwa na noti kumi zenye namba za simu. Kilichomponza ni kwamba noti imemfikia yeye kabla haijakataliwa.

Je, noti iliyoandikwa imekufa?

Wengi wetu tunaamini kwamba noti ikishaandikwa imepoteza thamani. Imani hiyo ndiyo inayomwadhibu mama wa Isiolo, na haina msingi.

Noti ya Kenya inapata thamani yake kutokana na Katiba na Sheria ya Benki Kuu, Sura ya 491. Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inaipa Benki Kuu jukumu la kutoa sarafu ya nchi. Sheria ya Benki Kuu ndiyo inayoifanya noti kuwa malipo halali. Na njia ya kuiondolea noti uhalali huo tunaijua, kwa sababu tuliipitia juzi tu. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka iliyoadhimishwa Narok, gavana wa wakati ule, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na kusema kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Watu wakapewa miezi minne. Wakapanga foleni. Siku ilipofika, noti ile ikawa karatasi.

Hivyo ndivyo noti inavyokufa: kwa tangazo, kwa tarehe, na kwa muda wa kuibadilisha. Mwenye duka hana mamlaka hayo. Makanga hana mamlaka hayo. Kijana aliyeandika jina la mpenzi wake juu ya noti ya shilingi 200 hana mamlaka hayo pia, ametenda kosa lakini hakuiua noti.

Iliyochanika vipande viwili au iliyopotea sehemu kubwa ni habari nyingine. Hapo swali si alama, ni kiasi gani cha noti kimebaki, na kama alama zake za usalama zinaonekana. Hiyo hukaguliwa na wenye ujuzi. Lakini noti nzima yenye wino, ambayo namba zake za usajili zinasomeka na kichwa cha simba kinaonekana ukiiinua kwenye mwanga, ni noti.

Sasa, mtu atasema: basi aipeleke benki. Ni kweli, benki za biashara huzirejesha noti chakavu kwa Benki Kuu. Benki Kuu nayo ina tawi Mombasa, Kisumu na Eldoret, na vituo vya fedha Nyeri, Meru, Nakuru na Kisii. Kwa mtu wa Isiolo mjini, kilicho karibu ni Meru, kiasi cha kilomita 50 kupanda mlima. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima bila kuuza maziwa, ni gharama inayokaribia au kuipita noti yenyewe. Na huyo ni wa mjini. Wa Merti au Garba Tula anaanzia mbali zaidi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Haki iliyoko Meru haimnunulii mtu unga wa leo jioni.

Mwenye duka naye tusimlaumu mno. Anaogopa kwamba msambazaji wake ataikataa noti hiyo, na msambazaji anaogopa kwamba benki itamsumbua. Kila mmoja anamhofia wa mbele yake, na hofu inateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa yule asiye na mtu wa kumpa. Daima ni maskini.

Maua ya noti na bi harusi wetu

Mjadala huu uliwaka tena Februari 2026. Siku chache kabla ya siku ya wapendanao, Benki Kuu ilitoa taarifa ya kuonya dhidi ya mtindo wa kutengeneza mashada ya maua kwa noti. Noti hukunjwa, huviringishwa, hupakwa gundi, hupigwa pini na stepla ili zisimame kama petali. Benki Kuu ikasema kwamba noti za namna hiyo huharibika, hukwama kwenye mashine za ATM na mashine za kuhesabia, na hulazimika kuondolewa kabla ya wakati wake, na gharama ya kuchapisha nyingine hurudi kwa mwananchi. Ikaeleza pia kwamba haipingi mtu kumzawadia mwenzake pesa, mradi asiziharibu.

Mitandaoni watu walicheka. Wengine wakauliza: pesa ni zangu, ninazifanya nitakavyo, inawahusu nini?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Thamani ni yako. Noti ya elfu moja ikiwa mfukoni mwako, hakuna wa kukuambia ununue samaki au nyama. Lakini karatasi ile ina kazi kwa watu wengi baada yako. Leo ni yako, kesho ni ya muuza viazi, kesho kutwa ni ya mzee asiyeona anayeitambua kwa vidole. Noti za mwaka 2019 ziliwekewa alama zilizoinuka ili asiyeona aweze kujua anashika ipi. Gundi, mikunjo na mashimo ya pini huziharibu alama hizo. Aliyepata shada alifurahi kwa siku moja. Kinyozi asiyeona atakayeletewa noti hiyo miezi sita baadaye hakualikwa kwenye sherehe, lakini ndiye aliyeigharamia.

Hapa sisi wa Pwani tujitazame pia. Kutuza ni desturi yetu ya tangu zamani. Mwimbaji wa taarabu akigusa moyo, watu huinuka na noti. Bi harusi akitolewa nje, jamaa humtuza. Kumwekea noti mkononi, kumdondoshea kwenye sinia au kumtia kwenye bahasha hakuna ubaya wowote. Lakini kumbandika noti kwenye ushungi kwa pini, hadi akawa kama mti uliozaa shilingi, ni kitu kile kile Benki Kuu ilichokionya kwenye maua. Na hina ikiwa bado mbichi, noti hutoka ukumbini ikiwa na rangi isiyotoka tena.

Simaanishi kwamba polisi wavamie arusi. Hilo lingekuwa balaa kuliko pini. Nasema tu kwamba sinia linafanya kazi ile ile, na bi harusi hachomwi.

Nigeria wamekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Benki Kuu yao ya mwaka 2007 kinakataza hata kuwarushia watu noti kwenye sherehe na kuzikanyaga wakati wa kucheza, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi sita, faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Mwezi wa Aprili 2024 mtu mashuhuri wa mitandaoni ajulikanaye kama Bobrisky alihukumiwa miezi sita gerezani kwa kosa hilo. Wapo Wanigeria waliosifu hukumu hiyo, na wapo waliouliza mbona wakubwa hurusha pesa kwenye karamu zao na hawaguswi. Swali hilo la pili ndilo la kujifunza. Sheria inayovunjwa na kila mtu, kisha ikamwangukia mmoja aliyechaguliwa, haiwafundishi watu kuheshimu pesa. Inawafundisha kuogopa aliye na mamlaka ya kuchagua.

Maneno ya siasa juu ya noti

Jambo jingine huulizwa kila siasa ikipamba moto: je, mtu akiandika kauli ya kisiasa kwenye noti, si ana uhuru wa kusema?

Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza. Ibara ya 24 inaruhusu uhuru uwekewe mpaka, mradi mpaka huo uwe kwa sheria, uwe wa busara na uwe na sababu inayokubalika katika jamii huru. Kwa maoni yangu, mpaka unaosema "usichafue noti" unaupita mtihani huo iwapo unawahusu wote sawasawa: mwenye kumsifu kiongozi na mwenye kumpinga, mwenye kuandika aya na mwenye kuandika namba ya mganga. Ukitumika kuwasaka wenye kauli fulani tu, huku makarani wakiendelea kuandika hesabu zao juu ya noti za kwanza za mabunda bila kuguswa, hapo hautakuwa tena ulinzi wa noti. Utakuwa udhibiti wa midomo.

Na tuseme ukweli kuhusu hao makarani. Wino mwingi ulio kwenye noti zetu haukuandikwa na wapinzani wala wapenzi. Umeandikwa na watu wanaohesabu pesa kwa kazi: kwenye maduka ya jumla, kwa mawakala, kwenye ofisi za magari. "50 x 1000", kisha duara, kisha sahihi. Kipande cha karatasi na mpira wa kufungia vingetosha. Kama Benki Kuu inataka kuanza mahali, ianzie hapo, kwa sababu hao wanajulikana walipo na wana leseni za kulinda.

Ugumu wa ushahidi nao usisahaulike. Noti haina kumbukumbu ya waliopitia. Namba ya simu iliyoandikwa juu yake haithibitishi kwamba mwenye namba ndiye aliyeandika; mtu yeyote anaweza kuandika namba ya jirani yake. Ili kumtia mtu hatiani, lazima kuwe na aliyemwona, au video, au kukiri kwake mwenyewe. Ndiyo maana kifungu cha 367A kimekaa vitabuni miaka mingi na watu wengi hawajui kipo.

Noti zinazotiwa alama kwa idhini

Sasa ile sababu ya pili ya Isiolo. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina ofisi ya kanda katika mji huo. Na moja ya njia zake za kumnasa mla rushwa, Isiolo kama kwingineko nchini, ni pesa za mtego.

Hukumu za mahakama zetu zimeeleza utaratibu huu mara nyingi. Mwananchi anakwenda kulalamika kwamba afisa fulani anamdai hongo. Anapewa kifaa cha kunasa sauti ili mazungumzo yathibitishwe. Kisha noti hutayarishwa: namba zake za usajili huandikwa au noti hutolewa nakala, na mlalamishi na maafisa hutia sahihi kwenye orodha. Baada ya hapo noti hupakwa unga maalumu, ambao kwenye hukumu hutajwa kama APQ. Macho hayauoni. Mtuhumiwa akizipokea, maafisa huingia, hupangusa mikono yake kwa pamba, na pamba hizo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Mahakamani noti hulinganishwa na orodha, namba kwa namba.

Je, hao hawajatia alama noti? Wametia. Lakini wana idhini, na wana sababu. Hapo ndipo yale maneno ya kifungu cha 367A yanapofanya kazi yake: "bila idhini wala udhuru". Kitendo kinaweza kufanana, na hukumu yake ikawa tofauti kabisa.

Kuna funzo jingine hapo, na ni la bure kwa kila mfanyabiashara. Kinachoibeba kesi ya mtego ni namba za usajili, ambazo hazihitaji tone la wino juu ya noti. Kila noti tayari ina jina lake. Mfugaji anayeuza ngamia na anahofia kuibiwa njiani hana haja ya kuziwekea noti zake nukta au herufi za siri. Apige picha namba zake kwa simu. Mwenye duka anayemshuku mfanyakazi wake afanye hivyo hivyo. Ushahidi utakuwa na nguvu kuliko nukta yoyote, na hatakuwa ametenda kosa.

Na ipo alama ya tatu, ya matapeli. Wakenya wanaijua kwa jina la wash wash. Mtu anaonyeshwa sanduku la karatasi nyeusi, anaambiwa ni dola au shilingi halisi zilizopakwa rangi ili zivushwe kwa siri, na kwamba kuna dawa ya kuziosha. Anaoshewa moja mbele ya macho yake, inatoka safi. Anaombwa pesa za kununua dawa zaidi. Pesa zinakwenda, sanduku linabaki na karatasi. Anayejua kwamba hakuna benki kuu inayopaka noti zake rangi ili kuzisafirisha hataliwa kwa njia hiyo.

Sarafu, na zile zenye tundu

Kuhusu sarafu, sheria ni ya zamani zaidi na ina harufu ya zama zake. Sheria ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1930. Kifungu cha 368 kinamwadhibu vikali mtu anayepunguza uzito wa sarafu kwa nia kwamba iendelee kupita sokoni kama nzima. Kifungu cha 369 kinahusu kuyeyusha sarafu, kuivunja na kuigongea jina au alama.

Kwa nini uzito? Kwa sababu wakati ule shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Lugha yetu yenyewe inakumbuka: neno "fedha" ni madini, na ni pesa. Anayekwangua ukingo wa sarafu alikuwa anaiba kidogo kidogo kutoka kwa kila atakayeipokea.

Pwani yetu ilijua sarafu nyingi kabla ya hiyo shilingi. Reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ilipopigwa miaka mia baadaye, ilipita Unguja, Mombasa hadi Uhabeshi, na masonara waliiyeyusha kuwa vikuku na mikufu. Rupia za Bara Hindi zilipita. Sayyid Barghash alipiga pesa zake Unguja mwaka 1882. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa ikapiga zake mwaka 1888, na jina Mombasa likiwa juu yake. Kisha zikaja senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu walizitunga kwenye uzi kama samaki. Tundu lile lilikuwa halali kwa sababu lilitoka kiwandani. Leo ukiitoboa shilingi kumi ili uifanye kidani cha mtoto, tundu ni lako wewe.

Katika dini pia jambo hili si geni. Katika Sunan ya Abu Daud na ya Ibn Majah imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuvunja sikka ya Waislamu inayopita baina yao, ila kwa dharura. Wanazuoni wameudhaifisha upokezi wake, lakini mafakihi wameitaja maana yake vizazi kwa vizazi. Na katika kisa cha Nabii Shuaibu (a.s.), wapo wafasiri wa mwanzo, ambao kauli zao zimo katika tafsiri ya Tabari, waliosema kwamba kukata kingo za dirhamu ni katika mambo aliyowakataza watu wake, pamoja na kupunja mizani. Tazama jinsi yale maneno "ila kwa dharura" yanavyokaa jirani na "bila udhuru" ya kifungu cha 367A. Mizani iliyopunjwa na sarafu iliyokatwa ni dhuluma ya aina moja: anayedhulumiwa hakuwepo wakati wa kukata.

Kifanyike nini?

Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Benki Kuu ilitoa tangazo kali kuhusu maua. Itoe jingine lenye nguvu ile ile, kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali, likisema kwamba noti nzima iliyoandikwa ni noti, na asiikatae mtu. Redio za Isiolo na za Pwani zitalibeba. Tangazo linalomtisha mwandishi peke yake huongeza hofu kwa mpokeaji, na hofu hiyo huishia kwa mama wa maziwa.

Benki za biashara zilizo Isiolo zizipokee noti hizo kaunta, bila foleni ya pekee wala maswali, na wao wazifikishe Meru. Magari ya kubeba pesa wanayo. Mama hana.

Wanaohesabu pesa kwa kazi waache kalamu chini.

Na sisi tunaotuza tuweke sinia, tununue bahasha. Tukipewa noti yenye wino, na tumeshaiinua kwenye mwanga tukaona kichwa cha simba, tuichukue. Tukiikataa hatumwadhibu aliyeichora. Huyo alishaitumia zamani, akapewa chenji yake kamili.